Seva ya zamani inapogoma kuwaka baada ya kuhamishiwa mashine pepe

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

OFISI inayotunza kumbukumbu zake katika seva iliyozeeka mjini Sumbawanga ina kila sababu ya kutaka kuihama. Kwa miaka mingi umeme wa mji huu uliagizwa kutoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli, na kila unapokatika ghafla diski kuukuu ndizo zinazoumia kwanza. Kipuri kikikosekana madukani hapa, hufuatwa Mbeya au Dar es Salaam.

Aidha, mifumo endeshi yenyewe imepitwa na wakati. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows Server 2003 Julai 14, 2015. Windows Server 2008 ikafuata Januari 14, 2020, na ile ya 2012 Oktoba 10, 2023.

Njia inayotumika sana ni kuinakili seva nzima, yaani mfumo, programu na kumbukumbu zake, na kuiweka ndani ya kompyuta moja yenye nguvu kama mashine pepe. VMware, Hyper-V na Proxmox ni miongoni mwa programu zinazowezesha kazi hiyo. Kunakili si kugumu. Ugumu huanza pale mashine mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza.

Dalili maarufu katika Windows ni kioo cha buluu chenye namba 0x0000007B. Maana yake ni kwamba mfumo umeanza kuamka lakini hauioni diski yake, kwa kuwa unatafuta kidhibiti cha diski kilichobaki katika chuma cha zamani. Wengi hukimbilia kunakili upya, jambo ambalo ni kupoteza usiku mzima bure. Mara nyingi hutosha kubadili mipangilio ya mashine pepe ili diski ijitambulishe kama IDE au SATA, aina ambazo Windows huzifahamu. Ikishaamka, iongezwe diski ndogo ya pili ya aina mpya ili kiendeshi chake kisakinishwe, na baada ya hapo ndipo diski kuu ibadilishwe.

Iwapo kioo ni cheusi na ujumbe unasema hakuna diski ya kuwashia, yafaa kuangalia kama seva ya zamani iliwaka kwa BIOS au UEFI. Mashine pepe lazima ifuate njia ileile. Kwa Linux, mara nyingi faili la kuamshia, initramfs, halina viendeshi vya mashine pepe. Huundwa upya kwa amri ya dracut au update-initramfs. Faili la fstab nalo litaje diski kwa UUID badala ya majina kama sda.

Hutokea pia mashine ikawaka vizuri lakini kompyuta za ofisi zisiione. Hapo mkosaji ni kadi ya mtandao ya zamani, ambayo imebaki kama mzimu ndani ya Windows huku ikishikilia anwani ya IP. Huondolewa katika orodha ya vifaa vilivyofichwa, kisha anwani hiyo hupewa kadi mpya. Seva zote mbili zisiwashwe kamwe katika mtandao mmoja, maana zitagombea anwani. Saa nayo isisahauliwe, kwani ikipishana kwa zaidi ya dakika tano, mtandao wa Windows wenye domeni huweza kukataa watumiaji kuingia.

Programu za uhasibu zina vituko vyake. Leseni ya baadhi yake imefungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao au kwenye kifaa cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva. Namba hiyo yaweza kuwekwa katika mashine pepe, na kifaa cha USB kikaunganishwa nayo, lakini muuzaji wa programu aulizwe mapema.

Hatari kubwa kuliko zote haionyeshi dalili yoyote. Ni hifadhidata iliyonakiliwa huku watu wakiendelea kuitumia. Mashine huwaka, ripoti hutoka, lakini mizani ya jana haimo. Mkulima wa Laela aliyeleta mahindi yake ghalani akiwa na stakabadhi mkononi ataambiwa hayumo kwenye malipo, na hana namna ya kubishana na kompyuta. Kwa hiyo huduma ya hifadhidata izimwe kwanza, na baada ya kuhama jumla za fedha na idadi ya miamala zilinganishwe pande zote mbili.

Muda nao upigiwe hesabu. Gigabaiti 500 kupitia mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11. Kwa mtandao wa gigabiti moja ni saa moja na dakika chache. Umeme ukikatika katikati, huenda kazi ikaanza upya. Anayetaka kuhamishia seva yake Dar es Salaam kwa laini ya megabiti 10 angesubiri siku nne na nusu na ushei, ingawa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Sumbawanga. Diski iliyofungwa kwa nywila ikipanda basi alfajiri itaiacha mbali laini hiyo.

Seva ya zamani ibaki imezimwa, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa, hadi hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe katika mashine mpya. Seva tano zikikaa katika kompyuta moja zitaanguka kwa pamoja umeme ukikatika, hivyo betri ya akiba isanidiwe kuzizima moja baada ya nyingine, hifadhidata ikitangulia kufungwa salama. Diski za zamani zifutwe kabisa kabla chuma hicho hakijauzwa mnadani.