Sehemu ya 4: Kilichotokea Akeri, na kwa nini kinatuhusu sisi kina mama

Wapendwa, tunaendelea. Wiki hii mama mmoja aliyefiwa na kichanga aliniuliza: "Nesi, Mungu ananifundisha nini kwa kunichukulia mwanangu?" Sikuweza kumjibu harakaharaka. Nikakumbuka habari ya Akeri.

Ukitoka Arusha mjini kwenda Moshi, ukifika Tengeru angalia kushoto, juu kwenye migomba. Akeri iko huko. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema pale. Walikuwa vijana wa miaka ya ishirini tu. Karibu yao alipiga kambi Kapteni Johannes na askari wa Kijerumani. Wapiganaji wa Meru na Arusha waliona wageni wale ni kitu kimoja na jeshi. Usiku wakawaua, pamoja na Wachaga waliokuwa nao.

Kisasi kilikuwa kikali. Johannes alirudi na askari na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakauawa. Majina ya wamisionari wale wawili tunayataja hadi leo. Ya kina mama wa Kimeru waliolia mwaka ule, nani anayataja?

Mwaka 1902 wamisionari wa shirika lilelile walirudi Meru, wakajenga Nkoaranga, jirani tu na Akeri. Nchi ilikuwa bado chini ya Mjerumani, tusifiche. Wameru waliofiwa walikuwa na kila sababu ya kuwafungia mlango. Lakini pole pole wapo waliowasikiliza, na kanisa likaota mizizi kwenye ardhi iliyomwagika damu ya pande zote mbili. Leo Nkoaranga kuna hospitali ya Kilutheri, na kina mama wa Kimeru wanajifungulia pale.

Mama, usinielewe vibaya. Sisemi watu walikufa ili hospitali ijengwe. Mateso peke yake hayamfanyi mtu awe na huruma. Mwaka 1896 yalizaa kisasi. Huruma ilianza pale watu walipokubali kukaa tena karibu na wale waliowaumiza.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba faraja tuliyopewa na Mungu ni ya kuwapa wengine pia. Wodini naiona. Mama aliyewahi kufiwa hamwambii mwenzake "utapata mwingine". Anavuta kiti, anamshika mkono, ananyamaza. Hilo mimi sikufundishwa chuoni.

Kwa hiyo yule mama sikumwambia Mungu alimchukua mtoto ili amfundishe. Nilimwambia pole, nikakaa naye. Na wewe, kama kuna jirani yako aliyefiwa, leo usimtumie meseji tu. Nenda ukakae naye.

Tukutane sehemu ya 5, Mungu akipenda.