Mkondo

Mvuvi huita mkondo maji yanayokwenda kwa nguvu upande mmoja. Fundi wa nyumba huita hivyohivyo hewa ipitayo kati ya madirisha mawili. Katika latitudo za kati, mikondo hiyo miwili, wa bahari na wa hewa, haiwezi kuelezwa kila mmoja peke yake.

Utazame Mkondo wa Ghuba, ambao Benjamin Franklin aliuchorea ramani kwa msaada wa nahodha Timothy Folger. Hupanda kandokando ya pwani ya mashariki ya Marekani ukibeba maji ya joto, kisha huiacha pwani karibu na Cape Hatteras. Majira ya baridi, hewa kavu kutoka bara huvuka juu yake na kunyonya joto na mvuke kwa wingi. Hapo ndipo dhoruba hupata nguvu. Mwaka 2008 mwanasayansi Shoshiro Minobe na wenzake walionyesha kuwa athari ya mkondo huo hupanda hadi juu kabisa, kwenye mawingu marefu ya mvua.

Upepo nao huisukuma bahari na kuipoza. Mwaka 1976 mwanasayansi Klaus Hasselmann alieleza, kwa ustadi wa kustaajabisha, jinsi bahari inavyokusanya misukosuko ya hewa ya siku chache hadi ikawa mabadiliko ya miaka mingi. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia.