Kobe aliyeamua kesi ya moyo

Mchinje kobe, utoe moyo wake uuweke sahanini: utaendelea kudunda kwa saa kadhaa, taratibu, kana kwamba mwenyewe bado yupo. Ukaidi huo ndio uliomvuta Walter Gaskell, mwanafiziolojia wa Cambridge, Uingereza.

Kesi yenyewe, kama pigo la moyo hutoka kwenye neva au kwenye msuli, ilikuwa na umri wa miongo kadhaa. Mwaka 1845 ndugu wawili wa Leipzig, Ernst na Eduard Weber, waliipitishia umeme neva ya vagasi, itokayo kichwani na kushuka shingoni hadi kifuani, na moyo ukasimama. Wataalamu walishangaa. Neva walizozijua, ukiziamsha, huufanya msuli ujikaze, hii iliutuliza! Basi wengi wakaamini kwamba na mapigo yenyewe hutoka kwenye neva, hasa vile vifundo vyake vilivyofichika ndani ya moyo.

Gaskell alimchagua kobe kwa sababu ya kiufundi kabisa. Kwa mnyama huyu kuna neva inayotoka pale pigo linapoanzia hadi kwenye ventrikali, chumba cha chini cha moyo, ikiwa imejitenga na nyama, kwa hiyo mkasi unaweza kuikata peke yake. Akaubana moyo kwa kibano mpakani mwa atiria, yaani chumba cha juu, na ventrikali, akafunga uzi juu na chini, kila uzi ukivuta wenzo unaochora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Akakata neva. Ventrikali ikaendelea kufuata mapigo kama kawaida. Kisha, kwenye moyo mwingine, akaiacha neva, akaikata nyama ya atiria hadi likabaki daraja jembamba tu. Sasa ventrikali ikawa inaitika mara moja kwa kila mapigo mawili. Daraja lilipozidi kukonda, haikuitika tena.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1883. Pigo ni mali ya msuli. Vagasi ni breki. Tena breki yenye ubaguzi: alipoiamsha, mapigo yalipungua kasi na atiria ikalegea, lakini nguvu ya ventrikali ya kobe haikuguswa.

Breki hiyo kobe wa majini huitumia kila siku. Akizama, vagasi hupunguza mapigo na kuubana mshipa uendao mapafuni, kwani huko hakuna hewa mpya ya kufuata. Akiibuka kuvuta pumzi, inaachia: moyo unakwenda mbio, damu inamiminika mapafuni. Mchome atropini, dawa inayoinyamazisha vagasi, na moyo wake utadunda karibu sawasawa, awe chini au juu ya maji.