Russ Feingold: kura zake na madini yetu

Russ Feingold alikuwa seneta wa Wisconsin, Marekani, tangu 1993 hadi 2011. Hapa Goma tunamjua zaidi kama mjumbe wa Marekani kwa Maziwa Makuu, aliyeteuliwa 2013 wakati M23 ingali inapigana.

Oktoba 2002 alikuwa mmoja wa maseneta 23 waliokataa vita ya Irak. Baadaye aliongoza kamati ndogo ya Seneti juu ya Afrika. Yeye na Sam Brownback, mtu wa chama kingine, walileta sheria juu ya LRA ya Kony, iliyotiwa sahihi Mei 2010.

Na madini? Mwaka 2009 hao wawili, pamoja na Dick Durbin, walileta mswada wa kulazimisha makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo. Wazo hilo likawa kifungu cha 1502 cha sheria kubwa ya mabenki ya Julai 2010, ile tunayoiita “sheria ya Obama”. Ajabu ni kwamba siku ya kura ya mwisho Feingold na Brownback wote walisema hapana! Feingold aliona sheria haiyabani mabenki vya kutosha. Ilipita kwa kura 60 dhidi ya 39. Anayesoma orodha ya kura tu atadhani alitupinga, si kweli.

Lakini nia njema haikuwalisha wachimbaji wa Walikale. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Marufuku yaliondolewa Machi 2011. Wanunuzi wengi walibaki mbali.