Habari za Nicodemus, Kijiji cha Bonde la Solomon

Katika jimbo la Kansas, nchi ya Marekani, kando ya mto uitwao South Solomon, pana kijiji kidogo jina lake Nicodemus. Hakina meya wala baraza la mji. Kwa sheria ya nchi ile si mji, ni mahali tu katika wilaya ya Graham. Watu walipohesabiwa mwaka 2020 walionekana 14 tu. Tena karibu wote waliokijenga walikuwa watu weusi, wengi wao waliozaliwa utumwani.

Msomaji akisikia jina hili atamkumbuka yule Farisayo aliyemwendea Bwana Yesu usiku. Wako wasemao kwamba ndiye aliyekusudiwa. Wengine wasema kwamba jina latokana na wimbo wa Henry Clay Work wa mwaka 1864, umtajao mtumwa mzaliwa wa Afrika aliyeitwa hivyo. Mimi naelekea upande wa pili, maana watu waliofunguliwa juzi juzi hupenda kumkumbuka mwenzao kwanza.

Kampani ya kukijenga ilifanywa mwaka 1877 na Mzungu mmoja, W. R. Hill, pamoja na watu weusi, na mkuu wao alikuwa W. H. Smith. Matangazo yao yalisifu sana nchi ile. Mwezi wa Septemba walifika watu wapatao 300 kutoka Kentucky. Walishuka kwenye gari la moshi huko Ellis, wakaenda kwa miguu hata bondeni. Na walipofika, je, waliona nini? Uwanda mtupu, miti haba mno, nyumba hakuna. Basi wakachimba ardhi wakakaa humo kama sungura. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipouliza kijiji kiko wapi alionyeshwa moshi utokao chini, akalia machozi. Jamaa nyingi zilirudi zilikotoka. Waliobaki, wengi hawakuwa na farasi, walivunja ardhi kwa jembe na koleo. Na wazee husimulia kwamba katika masika ile ya baridi ya kwanza Waosage, watu wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia chakula.

Hata baada ya miaka kumi palikuwa na maduka, makanisa, shule, hoteli ya Zachary Fletcher, na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyekaa pale, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima.

Ndipo ikaja habari ya reli. Mwaka 1887 wenyeji walikubali kwa kura kutoa dola 16,000 ili kampani ya Missouri Pacific ipitishe njia yake kwao. Haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ilijenga reli yake, lakini ng'ambo ya kusini ya mto, mwendo wa maili chache tu. Hapo ukazaliwa mji wa Bogue. Wenye maduka walihama, wengine wakabeba hata majengo yao. Watu hulaumu ukame, na kweli ukame wa miaka ya 1930 uliwatesa. Bali kwa maoni yangu kijiji kilikuwa kimekwisha kujeruhiwa miaka arobaini kabla, kwa mto usio mkubwa. Waliobaki ni wale waliokuwa na mashamba yao wenyewe, maana shamba halipandishwi garini. Posta ilifungwa mwaka 1953.

Majengo matano ya zamani yamesimama, na tangu mwaka 1996 serikali ya Marekani yayalinda. Kila mwaka, mwisho wa Julai, wajukuu na vitukuu hutoka miji ya mbali wakakusanyika kwa sikukuu iitwayo ya Kurudi Nyumbani. Asili yake ni sherehe ya tarehe 1 Agosti, ya kukumbuka watumwa wa visiwa vya Waingereza huko Karibi waliofunguliwa mwaka 1834.