Tasnifu Iliyozaa Arduino
Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, ulijulikana kwa mashine za taipu za Olivetti. Mwaka 2001 ukapata chuo cha uzamili, Interaction Design Institute Ivrea, chini ya Gillian Crampton Smith. Wanafunzi wake walisomea kubuni vifaa vya kielektroniki ambavyo mtu yeyote angevitumia bila kuhangaika.

Ajabu ni kwamba vifaa vya kujifunzia vyenyewe viliwahangaisha. Bodi ya kielektroniki waliyoitumia, BASIC Stamp, ilikuwa ghali, na uwezo wake ulikuwa mdogo. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, akaifanya kero hiyo kuwa mada ya tasnifu yake: Wiring, bodi pamoja na programu yake. Kwa mistari michache ya programu inayosomeka, msanii asiyejua uhandisi aliweza kuifanya taa ndogo iwake na kuzimika kila sekunde.

Mwaka 2005 mwalimu wa Barragán, Massimo Banzi, na wenzake waliendeleza kazi hiyo kwa bodi ya bei nafuu, yenye ramani ya Italia mgongoni. Waliiita Arduino, jina la baa ya mjini hapo. Barragán hakuwamo katika timu hiyo, na kumsahau ni kumdhulumu.

Wakati huo chuo chenyewe kilikuwa kikifungwa, kikaunganishwa na Domus Academy ya Milano.