UZI: Ada ya maegesho Voi, tunabishana juu ya nini hasa?

1/ Mswada wa Fedha wa kaunti ukiletwa, ubishi wa maegesho huwa ni uleule: ada ipande au ishuke? Mwenye duka anasema wateja watakimbia. Kaunti inasema inahitaji pesa. Wote wana hoja, lakini kuna swali linarukwa. Twende polepole.

2/ Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Wafanyakazi wa mjini walikuwa wanafika asubuhi na kuacha magari mbele ya maduka mpaka jioni. Mteja akija, hana pa kusimama. Mita ikaja na sharti: weka senti 5, kaa saa moja, kisha mpishe mwenzako.

3/ Kwa hiyo bei ilikuwa na kazi ya kuzungusha nafasi. Mwenye duka ndiye alifaidika, maana nafasi moja sasa ilileta wateja wengi kwa siku.

4/ Nairobi nayo iliwahi kuwa na mita za sarafu. Zikafa, ikaja tiketi ya siku nzima. Hapo ndipo maana ilipogeuka. Ukishalipia siku, mbona uondoe gari? Na aliyesimama dakika kumi kununua dawa analipa sawa na aliyelaza gari tangu asubuhi.

5/ Voi wakati huo ilikuwa chini ya baraza la manispaa, na baraza halikupandisha ada bila idhini ya waziri. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikaipa kaunti kazi ya maegesho. Mwaka 2013 mabaraza yakafika mwisho. Kaunti zikarithi kanjo, vitabu vya risiti, na mazoea ya kuona maegesho kama mapato tu.

6/ Mfano ni Nairobi tena. Sheria yake ya Fedha ya 2013 ilipandisha ada ya siku ya gari dogo katikati ya mji kutoka shilingi 140 hadi 300. Kelele zikawa za tarakimu. Tiketi yenyewe ikabaki ya siku nzima.

7/ Na sheria ipo! Kifungu cha 120 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, 2012, kinataka kila kaunti iwe na sera ya ada. Kwa jumla, unacholipa kiendane na unavyotumia huduma. Katiba nayo, ibara ya 201, inadai wananchi washirikishwe kwenye mambo ya fedha za umma.

8/ Mtaa wa Old Pasadena, California, ulipitia haya. Wenye maduka waliogopa mita. Wakakubali 1993 baada ya kuahidiwa kwamba pesa itabaki palepale mtaani: njia za miguu, taa, usafi. Biashara ikafufuka.

9/ Sasa rudi Voi. Huu ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na ile ya Mwatate mpaka Taveta. Mtu ameshuka kutoka Wundanyi kununua mbegu, atamaliza kwa nusu saa. Anayemzibia nafasi ni nani? Mara nyingi ni mwenye duka mwenyewe, gari lake liko pale tangu asubuhi. Ndugu zangu wafanyabiashara, hapo tusemezane ukweli.

10/ Kwa hiyo kikao cha umma kikiitwa, usiende na "ipunguzwe" peke yake. Uliza: tunalipia saa au siku? Anayesimama kidogo anahesabiwaje? Bodaboda na matatu zina nafasi yao? Na pesa iliyokusanywa mtaa huu, ni kiasi gani kinarudi hapa kuwa taa na mtaro?

11/ Ada ndogo isiyorudi mtaani bado ni hasara. Ada kubwa isiyozungusha nafasi ni kodi tu iliyovaa koti la kanjo. Bei tutaijadili tukishajua kazi yake.

Mwisho wa uzi. Mpelekee mtu wa Voi.